Jinsi ya kuandaa siku ya ndege za rimoti kijijini ili kuchangia shule, kwa watu wa Arusha na Moshi

Habari zenu wadau. Kila tukimaliza kurusha kijijini zinaanza meseji, na maswali ni yale yale, naanzia wapi, kibali natoa wapi, uwanja uwe mkubwa kiasi gani, hela ya mchango anashika nani, na je ndege ikimwangukia mtoto wa mtu itakuwaje? Nimeshajibu mmoja mmoja mda mrefu, leo nimekaa chini nimeandika yote niliyojifunza, ukisoma mpaka mwisho unaweza kwenda kuandaa ya kwenu hata kama ndio mara ya kwanza.

Ninachoongelea hapa ni hivi. Klabu yenu ina watu sita mpaka kumi, mna vindege vyenu vya rimoti vya mabawa, mnaenda kijijini asubuhi moja, watu wanaangalia, wanachanga, na hela yote inaenda kwenye kitu kimoja cha pale kijijini. Madawati, simtanki la maji, choo cha wasichana, chochote walichosema wao wenyewe. Droni za kamera sizigusi kabisa, hizo zina taratibu zake na kama huna kibali chake iache nyumbani, usije ukaharibia wenzako siku. Na kama bado unajifunza kurusha, jifunze kwanza, mbele ya watu mia tatu sio mahali pa kujaribia kutua.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Marubani wasiopungua wanne ambao wanatua salama mara kumi kwa kumi hata kukiwa na upepo kidogo. Hawa ndio msingi, ukikosa hawa ahirisha
- Ndege 5 mpaka 8, na angalau mbili ziwe za kujifunzia, zile za bawa la juu zenye upana wa mita 1.2 mpaka 1.4, sponji ngumu, mota ya umeme. Zikianguka unaunga na gundi zinaruka tena
- Betri za kutosha, hesabu mbili mbili kwa kila ndege, pamoja na chaja inayokula umeme wa 12V wa betri ya gari maana sio kila uwanja una soketi karibu
- Ndoo tatu za mchanga mkavu na mtungi wa kuzimia moto
- Kamba ya manila mita 200 hivi, vigingi, majivu au chokaa ya kuchora mistari
- Filimbi, spika, kipaza sauti, jenereta
- Boksi la huduma ya kwanza lenye bandeji za kutosha na glavu, na gari moja ambalo halibebi chochote siku hiyo, lipo kwa ajili ya kukimbiza mtu zahanati tu
- Maturubai mawili na viti vya plastiki, hivi mara nyingi kijiji chenyewe wanavyo vya misiba na harusi, uliza kabla hujakodi mjini
- Mikanda ya plasta, supagluu, selotepu, mipira ya kufungia hela, propela za akiba nyingi kuliko unavyodhani

Ukiwa na kirikuu moja na Noah moja vyote hivi vinaingia.

Hatua kwa hatua

1. Nenda kijijini bila ndege.

Nasema tena bila ndege. Nenda na mtu mmoja mwenye asili ya pale, anzeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, yeye awapeleke kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, alafu mwalimu mkuu. Shikamoo kwanza, kaa, kunywa chai, usiwe na haraka. Ukienda upande wa Monduli au Longido kwa ndugu zetu Wamasai, uliza mapema laigwanani, yule kiongozi wao wa kimila, ni nani na umfuate kwa heshima yake, usisubiri akusikie kwa watu.

Alafu uliza wanahitaji nini, usiwaambie. Sisi mara ya kwanza tulienda na wazo limeshapikwa, tunataka kuchangia kompyuta, mwalimu mkuu akatusikiliza mpaka mwisho kwa upole kabisa, tulipomaliza akatuomba tutembee naye mpaka darasa la pili. Watoto walikuwa wamekaa chini, sakafu imechimbika, daftari zipo mapajani. Hakusema kitu kingine. Ile siku tuliandika madawati na tangu hapo hatujawahi kwenda na wazo letu.

Mkishakubaliana omba kiitishwe kikao kidogo na upewe muhtasari wenye muhuri. Hiyo karatasi ndio itakufungulia kila ofisi utakayoenda baada ya hapo, bila hiyo utaonekana mtu amejizukia tu na ndege zake.

2. Vibali. Anza miezi miwili kabla, sio wiki mbili.

Barua ya kwanza kwa mtendaji wa kata, nakala ofisi ya mkuu wa wilaya, na nyingine polisi maana ni mkusanyiko wa watu. Kwenye hizo hizo ofisi uliza utaratibu wa kuchangisha hela hadharani, usikisie. Na barua nyingine kwa TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wao ndio wanasimamia kila kitu kinachoruka nchini na kanuni za vyombo visivyo na rubani ndani zipo tangu 2018. Watu wengi wananiambia aah kaka hii ni ya kuchezea tu haina kamera, haiwahusu. Usijiamulie mwenyewe. Andika kinachoruka, uzito wake, mnarusha wapi, tarehe, saa ngapi mpaka saa ngapi, juu mwisho mita ngapi, na wao wakwambie kinachotakiwa. Sisi hatupandi zaidi ya mita 120, ndio zile futi 400 ambazo nchi nyingi wanatumia kama kikomo, na ukweli ni kwamba ndege ya upana wa mita 1.2 ikifika huko juu mtazamaji haoni tena kitu cha maana.

Kingine, angalia ramani kabla hujapenda uwanja. KIA, ule uwanja mkubwa wa ndege wa Kilimanjaro, upo Hai katikati ya Arusha na Moshi, uwanja wa Arusha upo Kisongo, Moshi nayo ina wake, na bado kuna viwanja vidogo vya mashamba na vya watalii ambavyo hata hujui kama vipo. Sisi kijiji kikiwa ndani ya kilomita 10 ya chochote kati ya hivyo tunatafuta kingine tu, hatubishani. Upande wa Moshi kumbuka pia helikopta zinazoshusha wagonjwa mlimani, hizi zinapita chini na hazina ratiba, kwahiyo lazima kuna mtu mmoja siku hiyo kazi yake ni kusikiliza na kuangalia juu, akisikia helikopta anapiga filimbi na ndege zote zinatua, hakuna mjadala. Na hifadhini usirushe, iwe Kilimanjaro iwe Arusha, hata pembezoni kaa mbali.

3. Chagua tarehe kwa hali ya hewa na kwa maisha ya watu.

Machi mpaka Mei ni masika, sahau. Juni mpaka Agosti kuna baridi na mawingu mazito asubuhi hasa upande wa Meru, unaweza kukaa mpaka saa 5 hujaona jua. Januari na Februari pazuri, Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba pazuri pia ila vumbi, na mahindi yameshavunwa kwahiyo mashamba yapo wazi, hilo ni jambo kubwa ntalirudia.

Alafu siku yenyewe. Jumapili asubuhi watu wapo kanisani, Jumamosi ukienda Umeruni au Upareni Wasabato wengi hawatakuja, siku ya gulio hakuna mtu atabaki kijijini. Muulize mwenyekiti, yeye ndio anajua.

Saa za kurusha ni saa 2 mpaka saa 5 asubuhi. Baada ya hapo ardhi imepata moto, hewa inaanza kupanda kwa mafungu, ndege inarushwa rushwa huku na huku, na kule tambarare ndio zinaanza zile pepo za chamchela. Sasa hapa ndipo shughuli nyingi zinaharibika, kwasababu ya kusubiri mgeni rasmi. Watu wamejaa tangu saa 1, anga limetulia kabisa, nyie mmekaa mnasubiri, mgeni anafika saa 5 na nusu, hotuba dakika arobaini, mnaanza kurusha saa 6 na upepo umeshachafuka. Aisee tulipoteza ndege mbili siku moja kwa hilo. Siku hizi barua ya mwaliko inasema wazi kwamba kurusha kunaanza saa 2 na mgeni rasmi anakaribishwa saa 5 kupokea mchango, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukasirika.

4. Pima uwanja.

Uwanja wa mpira wa shule unatosha kutulia vindege vidogo, lakini anga linalouzunguka ndio unalipima. Unataka angalau mita 80 za kukimbilia, upana 15, na upande mmoja wa uwanja kuwe na eneo kubwa lisilo na nyumba, barabara wala watu, mita 200 hivi, huko ndiko ndege zitakaa mda wote. Tembea lote kwa miguu. Angalia nyaya za umeme, angalia mizinga ya nyuki kwenye miti maana mnatua hapo na makelele ya jenereta na spika, angalia mifugo inapita wapi na saa ngapi, ukaongee na wenye ng'ombe.

Upepo wa huku mara nyingi unatoka mashariki. Njia ya ndege ya KIA na ya Arusha zote zimelazwa mashariki magharibi, na wewe laza yako hivyo hivyo. Jua la asubuhi litakuwa upande huo huo, kwahiyo waambie marubani wasizurure chini chini upande wa mashariki kabla ya saa 3, ndege ikiingia kwenye jua unaipoteza macho sekunde mbili na hizo zinatosha kuiangusha.

Hewa ya huku pia ni nyepesi. KIA ipo mita 894 juu ya usawa wa bahari, uwanja wa Arusha mita 1,387, hapo unapoteza kama asilimia 8 mpaka 13 ya uzito wa hewa ukilinganisha na Dar au Tanga, na joto likipanda unapoteza zaidi. Maana yake ndege inahitaji spidi zaidi ili ikae juu. Usikate kona kali ukiwa chini na polepole, na unapotua ingia na spidi kidogo zaidi ya unavyodhani. Wenzetu wanaotoka pwani kuja kututembelea wengi wanaangushia hapo hapo kwenye kona ya mwisho.

5. Chora mstari, na mstari uwe na watu.

Hii hatua ndio sababu hasa ya kuandika haya yote kwahiyo usiiruke.

Ndege ya kilo moja na nusu ikiwa spidi 60 kwa saa inakula karibu mita 17 kwa sekunde. Mita 40 zinaisha kabla hujamaliza kusema jamani angalieni. Propela yake inakata kidole. Kwahiyo watazamaji wanakaa upande mmoja tu wa uwanja, kamba ipo mita 40 kutoka kwenye njia ya ndege, marubani wanasimama pamoja kati ya kamba na njia, na hakuna ndege inapita nyuma ya marubani. Hakuna hata moja, hata kwa bahati mbaya, ikipita rubani anatua na siku yake imeisha.

Sasa kamba peke yake haitoshi kwa watoto. Mtoto wa kijijini hajawahi kuona hiki kitu, ndege ikigusa chini tu anaikimbilia, na mmoja akikimbia wanakimbia mia moja. Ilitutokea. Ndege ya kwanza kabisa kutua, watoto wakapasuka kama maji, wakaingia njiani wakati ya pili ipo angani imeishiwa betri inakuja kutua. Mwenzetu aliyekuwa na rimoti aligeuza akaibamiza makusudi kwenye ua wa miiba, ndege ya miezi minne ya kazi, na alifanya sahihi, mimi mpaka leo nikikumbuka wale watoto mikono inatetemeka.

Tangu siku hiyo tunafanya hivi:

- Watoto wanakaa chini, kwa madarasa, mbele yao mwalimu wao. Sio mgambo, mwalimu. Mtoto anamsikia mwalimu wake
- Kila mita kumi ya kamba kuna mtu mzima amesimama anaangalia watu, haangalii ndege. Chagua watu watakaoweza hilo, ni gumu kuliko linavyosikika
- Kabla ya ndege ya kwanza tunafanya mazoezi na filimbi. Filimbi moja ndefu, wote mnakaa. Mara tatu nne, kama mchezo, wanaipenda
- Ndege mbili tu angani kwa wakati mmoja, na kila rubani ana msaidizi pembeni anayemsemea kinachoendelea maana rubani haangalii kitu kingine zaidi ya ndege yake
- Hakuna pombe upande wa ndani wa kamba. Ukoo wote wa mbege ukae kule nyuma kwenye chakula

Teua mtu mmoja wa usalama ambaye harushi siku hiyo na neno lake ndio la mwisho, hata kwa mwenyekiti wa klabu.

6. Kagua ndege usiku wa kuamkia, na tena asubuhi.

Usiku chaji betri mkiwa macho. Betri za lipo, hizi za lithiamu tunazotumia kwenye ndege, zinachajiwa kwa kiwango cha ukubwa wake, ya mAh 2200 unaweka ampia 2.2, inachukua kama saa moja. Kila seli ikijaa inasoma volti 4.2, zaidi ya hapo unatafuta moto. Betri iliyovimba usiibebe kabisa. Na usiache betri ndani ya gari lililofungwa juani.

Asubuhi kila ndege inapita kwa mtu wa pili, sio mwenyewe, anaangalia haya:

- Mizani. Inyanyue kwa vidole viwili chini ya bawa, kati ya robo na theluthi ya bawa ukipima kutoka ukingo wake wa mbele kwenda nyuma. Pua ikishuka kidogo sawa, mkia ukishuka usirushe
- Fimbo ukiisukuma kulia, aileroni ya kulia, kile kibapa cha nyuma ya bawa, inapanda. Inachekesha mpaka siku utakaporusha iliyogeuzwa
- Propela ina ufa? Tupa, usiunge
- Pima umbali wa rimoti kwa ile hali ya nguvu ndogo, tembea hatua 30, kila kitu kiendelee kufanya kazi
- Zima rimoti ndege ikiwa imeshikwa chini, mota lazima ikate yenyewe. Isipokata hiyo ndege inabaki kwenye gari

7. Hela. Andika kabla hata shilingi moja haijaingia.

Klabu haishiki hela ya kijiji. Tunakubaliana na kamati ya shule watu watatu, mmoja awe mzazi mwanamke, hao ndio wanaofungua maboksi. Boksi zina kufuli na funguo zipo kwao. Kwa wale wa simu, lipa namba iwe ya shule au ya kamati, usiweke namba yako binafsi hata ukiwa mwaminifu kama nani, maneno yatakuja tu.

Gharama zetu, mafuta, betri, chakula chetu, tunalipa mfukoni au kwa wadhamini wa mjini, na tunalitangaza hilo kwenye spika. Kama nyie hamuwezi sio dhambi, ila semeni mapema kiasi gani kitatoka kwenye mchango na kiandikwe kwenye muhtasari.

Kijijini kuingia ni bure. Usimtoze mama mwenye watoto watano kuangalia ndege kwenye uwanja wa shule yake. Hela inatoka kwa watu wa mjini waliokuja na magari, kwa watoto wao wanaotaka kushika rimoti, buku tano tano, kwa maduka mnayoyatangaza, kwa mnada wa mkungu wa ndizi na kuku mwisho wa siku. Chakula waachieni kina mama wa kijiji wapike wauze wenyewe, machalari, makande, nyama, na hela hiyo ni yao. Ukileta muuza chips kutoka mjini umewanyang'anya siku.

Saa 6 hesabu inafanyika mezani mbele ya watu, inatangazwa kwenye spika, inaandikwa, mtendaji anagonga muhuri. Wiki ile ile fundi seremala wa pale pale anapewa kazi. Tukae na risiti zote na nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa shule.

8. Siku yenyewe.

Fika saa 12 asubuhi, chora mistari, funga kamba kabla watu hawajaja, wakishajaa huwezi kuwarudisha nyuma. Saa 2 kasoro kikao cha marubani dakika kumi, alafu mazoezi ya filimbi, alafu ndege. Anza na ile ya polepole kubwa inayoonekana vizuri, watu wazoee macho. Za kupinduka pinduka weka katikati. Kila ndege dakika sita, inatua na betri bado ina chaji, usimalizie mpaka mota inakata.

Kati ya ndege na ndege mwenye kipaza sauti aeleze kwa Kiswahili cha kawaida, na kama yupo anayejua Kichaga au Kimeru au Kimasai mpe, wazee wanafurahi sana. Eleza kwanini bawa linabeba, dakika mbili tu zinatosha.

9. Watoto washike, sio kuangalia tu.

Kuna rimoti mbili zinaunganishwa, mwalimu anashika moja, mtoto nyingine, mwalimu akiachia swichi uendeshaji unarudi kwake. Ipandishe ndege juu mita 80 ndio umpe mtoto, dakika mbili mbili. Wanafunzi wa pale wachaguliwe na walimu na hawalipi, na waambie walimu mapema nusu wawe wasichana, ukisema siku ile ile watakuja wavulana kumi.

Kwa wengine wote tunatengeneza glaida, vindege visivyo na mota vya kurusha kwa mkono, kutoka kwenye sponji nyeupe ya maboksi ya tv tunayokusanya kwenye maduka mjini mwezi mzima. Kata bawa, kata mkia, chomeka kijiti, bandika sarafu au udongo puani mpaka ielee. Watoto 60 tuliwagawa kwa meza sita. Wiki iliyofuata mwalimu alinitumia video wameshaanza kutengeneza za kwao kwa makasha na mabua, aisee nilikaa nikaitazama mara nyingi.

10. Pipi za angani, kama unazitaka kweli.

Ndege inafungua kikasha, pipi zinamwagika uwanjani, watoto wanaokota. Ndio kitu wanachokumbuka miaka, na ndio kitu cha hatari kuliko vyote. Dondosha katikati ya uwanja ukiwa hakuna mtu, TUA, chomoa betri, hesabu ndege zote zipo chini, ndio upige filimbi ya kuachia. Wadogo wanaachiwa kwanza peke yao dakika mbili, alafu wakubwa, la sivyo wadogo wanakanyagwa. Pipi ndogo nyepesi za karatasi, sio za kijiti. Kama huna uhakika walimu watawashikilia watoto mpaka filimbi, gawa kwa mkono na iishie hapo.

Ikitokea hivi, fanya hivi

*Upepo umeanza saa 3.* Tua zote, ingia kwenye glaida na maelezo, subiri nusu saa. Usioneshe ubabe. Wakiona ndege imekaa mezani wakaishika kwa mikono wanafurahi vile vile.

*Chamchela linakuja na vumbi.* Linaonekana mapema. Ndege angani ipandishe na uipeleke mbali nalo, usikimbilie kutua. Zilizo chini zilalie, na watu washike maturubai.

*Mwewe anaifuata ndege.* Anatetea eneo lake. Geuza uende mbali naye, yeye anapenda kuja kutoka juu. Akiendelea tua, subiri aondoke.

*Ndege haisikii rimoti.* Piga kelele "haisikii" kwa nguvu ili wa usalama apulize filimbi, watu wakae chini, na wewe endelea kushika fimbo, wakati mwingine mawasiliano yanarudi. Baada ya hapo haipai tena siku hiyo hata ikionekana nzima.

*Betri imevimba au inatoa moshi baada ya kuanguka.* Usiisogeze karibu na uso, iweke kwenye ndoo ya mchanga kwa koleo, mbali na majani makavu, iangaliwe saa nzima. Septemba nyasi ni kama karatasi, ukipuuza unachoma kijiji.

*Jenereta limezima.* Ndio maana una filimbi.

*Mtu ameumia.* Filimbi, ndege zote chini, gari liondoke. Shughuli hairudi mpaka mmejua hali yake, na mmoja wenu anabaki na familia siku nzima.

*Kiongozi anataka kugeuza iwe mkutano wake.* Mpe dakika zake saa 5 kama ratiba ilivyo, kipaza sauti kirudi kwa mwalimu mkuu. Hili liongee na mwenyekiti wa kijiji kabla, yeye anajua kulimaliza.

*Ndege imeangukia shambani.* Watu wawili tu wanaingia, wanapita kwenye mistari, na mwenye shamba anatangulia. Sio kundi. Kama mahindi au maharage yamevunjika, hesabu naye pale pale mashina mangapi, mlipe siku hiyo hiyo kutoka kwenye hela ya klabu, sio ya mchango, na mumshike mkono.